Kabla ya Kuita Chango: Kumnyonyesha na Kumtuliza Kichanga Asiyetulia

Adhana ya Magharibi ikisha, nyumba nyingi za Mombasa zenye mtoto wa wiki tatu au nne huanza zogo lile lile. Mtoto aliyelala mchana kutwa anaanza kulia. Ananyonya dakika mbili anaachia, anapinda mgongo, anakunja miguu, uso unaiva. Bibi anasema ni chango, yaani tumbo linamsokota. Jirani anasema ni jicho. Shangazi anauliza kama hayo maziwa yanatoka kweli. Kufika saa nne usiku kuna chupa ya dawa ya gesi mezani, kuna mvuje unachemshwa jikoni, na mzazi mwenyewe analia chumbani.

Kabla ya kumpa mtoto kitu chochote, kagua maziwa, kisha joto, kisha usingizi, kwa mpango huo. Sehemu kubwa ya kilio kinachobandikwa jina la chango katika wiki za mwanzo chanzo chake kimo katika hayo matatu, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kijiko.

Nepi kwanza

Kilio hakipimi maziwa. Mwenye njaa hulia, aliyeshiba akachoka hulia vile vile, na mwenye njaa ya siku mbili wakati mwingine halii kabisa, hulala tu. Huyo wa mwisho ndiye wa kuogopewa zaidi. Ulaini wa titi haupimi, wala kiasi unachokamua kwa mkono. Vinavyopima ni nepi na mizani.

Siku ya kwanza tegemea walau nepi 1 ya mkojo, siku ya pili 2, siku ya tatu 3. Kuanzia siku ya 5 au 6 ziwe 6 au zaidi katika kila masaa 24, na mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Nepi za dukani huhadaa, kwa sababu hufyonza maji zikabaki kama kavu. Chukua moja mpya, imwagie vijiko 3 vikubwa vya maji, ishike kiganjani kisha ulinganishe na kavu. Uzito huo ndio wa nepi iliyolowa sawasawa. Ukishauzoea mkono utakwambia hata gizani.

Choo cha siku mbili za kwanza ni cheusi na kinanata kama lami. Siku ya 3 na ya 4 hugeuka kijani, na siku ya 5 kiwe cha manjano, chepesi, chenye chembechembe kama mbegu. Kikibaki cheusi siku ya 5, maziwa hayamfikii. Vumbi la rangi ya chungwa au waridi ndani ya nepi siku mbili za mwanzo si damu, ni chumvi za mkojo mzito. Likiendelea baada ya siku ya 4, lichukulie kama choo cheusi: mtoto ana kiu ya maziwa.

Uzito hupungua kwanza, na hilo si ajabu. Upungufu ukikaribia asilimia 10, unyonyeshaji uangaliwe na muuguzi siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2, asilimia 10 ni gramu 320, yaani mizani isome kilo 2.88. Kufikia siku ya 14 awe amerudi alipozaliwa, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mpime bila nguo wala nepi, kwa mizani ile ile ikiwezekana, na namba iandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Nepi iliyolowa na vesti vyaweza kuongeza gramu 200, na gramu 200 ni ongezeko la wiki nzima.

Nepi zikitimia na uzito ukipanda, maziwa yapo, hata akilia namna gani. Ruka uende kwenye joto. Zisipotimia, baki hapa kwenye titi.

Kumshikisha titi

Hapa ndipo mambo mengi huharibikia, na mara nyingi kosa ni la sentimita mbili tu. Mtoto akishika chuchu peke yake, anaifinya kati ya ufizi na kaakaa gumu. Mama anaumia, maziwa yanatoka kwa shida, mtoto anakaa titini dakika 50 na akitolewa bado ana njaa. Akishika titi lenyewe, chuchu inafika nyuma kwenye kaakaa laini, ambako haisuguliwi na kitu.

Keti umeegemeza mgongo na miguu ikanyage chini. Kitanda cha samadari ni kirefu; weka kigoda chini ya nyayo, la sivyo utamwinamia mtoto na chuchu itamponyoka.

1. Mgeuze mwili mzima akuelekee, tumbo lake kwa tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Jaribu wewe kumeza mate ukiwa umegeuza kidevu begani, utaelewa kwa nini.

2. Mshike mabega na shingo kwa kiganja, si kisogo. Ukimsukuma kisogo hujirusha nyuma, na hapo ndipo watu husema mtoto analikataa titi.

3. Chuchu ielekee pua yake, si kinywa. Iguse kwenye mdomo wa juu, ungoje. Atainua kidevu na kufunua kinywa.

4. Kinywa kikiwa wazi kama cha anayepiga mwayo, mvute kwako kwa mara moja, kidevu kitangulie kugusa. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Titi lisifuate mtoto.

5. Kagua. Kidevu kimezama titini, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa hayabonyei, na weusi wa chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

Siku za mwanzo uchungu wa nusu dakika ya kwanza ni wa kawaida. Ukiendelea, usiume meno ukavumilia. Penyeza kidole kidogo kisafi pembeni mwa kinywa ili mvuto ukatike, mtoe, anza upya, hata mara nne. Akimaliza tazama chuchu ilivyotoka. Ikiwa ya mviringo, alishika vyema. Ikiwa imebanwa ikawa na mshazari kama ncha ya rangi mpya ya mdomo, hakushika. Ikitoka hivyo kila mara ingawa mkao ni mzuri, muuguzi aangalie chini ya ulimi. Wako watoto ambao ulimi umefungwa na utando mfupi na hauwezi kusonga mbele.

Sikiliza pia. Mwanzo hunyonya haraka haraka na kijuujuu. Maziwa yakishuka mdundo hubadilika: anavuta kwa kina, kidevu kinashuka na kutulia kitambo kidogo, kisha unasikia anameza. Kule kidevu kutulia ndiko kinywa kujaa. Dakika kumi za mdundo huo zina faida kuliko saa nzima ya kuchezea chuchu. Akianza kusinzia kabla hajashiba, libane titi kwa mkono kama unayeshika mkate mkubwa, ushikilie anapovuta, uachie anapopumzika. Likiacha kutoa, mpe la pili. Usimhamishe kwa saa ya ukutani. Maziwa ya mwishoni mwa titi ndiyo yenye mafuta mengi.

Kwa masaa 24 kichanga hunyonya mara 8 hadi 12. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, muda toka mwanzo wa nyonyo moja hadi mwanzo wa nyingine usizidi masaa 3 mchana na masaa 4 usiku, hata ikibidi kumwamsha. Mvue nguo, mbadilishe nepi, msugue nyayo. Na usingoje alie: kugeuzageuza kichwa, kutoa ulimi na kupeleka ngumi kinywani ndiyo njaa yenyewe. Kilio ni njaa iliyochelewa, na anayelia ulimi wake umeinuka juu, hawezi kushika titi. Mtulize kwanza kifuani, kisha umshikishe.

Matatizo mawili yanayofanana na chango

La kwanza ni titi kufura, kati ya siku ya 3 na ya 5, maziwa yanapojaa. Weusi wa chuchu unakakamaa kama mpira na mtoto hawezi kuuingiza kinywani. Anateleza, analia, anahangaika. Weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, bonyeza kuelekea kifuani kwa dakika moja hadi weusi ulainike, kamua matone machache, ndipo umshikishe. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi. Mama anayekandwa kwa maji ya moto siku za uzazi, mkandaji ayapite matiti yaliyofura. Joto jingi huongeza uvimbe. Titi likiwa na sehemu nyekundu yenye maumivu pamoja na homa, endelea kunyonyesha na uende kituo cha afya bila kungoja.

La pili ni maziwa kushuka kwa nguvu mno. Mtoto anapaliwa, anakohoa, anaachia, maziwa yanamrukia usoni. Anameza hewa nyingi, anapata gesi, choo kinakuwa kijani chenye povu, na uzito wake unapanda vizuri sana. Huyo hupewa dawa ya chango kuliko wote. Mama ajilaze nyuma kwenye mito, mtoto alale juu ya kifua chake, ili maziwa yapande mlima. Mshindo wa kwanza unaweza kuumwagia kwenye kitambaa, kisha umrudishe, na amalize titi moja kabla ya kupewa la pili.

Nyonyo za mfululizo za jioni

Kati ya alasiri na saa tano usiku vichanga wengi hutaka titi kila nusu saa. Titi wakati huo ni laini, maziwa yanatoka pole pole, na mama huamini yamekauka. Hayajakauka. Titi halisubiri kujaa kama tangi. Hutengeneza maziwa linaponyonywa, na likinyonywa sana jioni hii huongeza la kesho. Hali hiyo huzidi karibu na wiki ya 2 hadi 3 na tena wiki ya 6, kwa siku mbili tatu kila mara.

Nepi zikiwa zimetimia, jioni hizo ndizo za kupangiwa. Mzazi ale mapema, chungu cha uji wa pilipili manga kiwe tayari, maji ya kunywa yawe karibu, na simu ichajiwe. Kinachovunja maziwa ni kikombe cha maziwa ya kopo cha kila siku saa mbili usiku “ili alale”. Mtoto hulala kweli, lakini titi lililoachwa limejaa hupata habari kwamba maziwa ya saa hiyo hayahitajiki, na kesho litatoa pungufu. Baada ya wiki mbili mama ataambiwa tangu mwanzo hakuwa na maziwa.

Joto

Mombasa ya Kaskazi, Desemba hadi Machi, si mahali pa kumvika mtoto sweta, kofia, soksi na blanketi, lakini ndivyo wengi wanavyovikwa, kwa hofu ya upepo. Nyumba ya mabati huoka alasiri. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene zinazokusanya jua mchana na kulitoa usiku. Saa ya kilio ndiyo saa ambayo chumba bado kina moto na upepo wa bahari haujaingia ndani.

Usipime kwa mikono na miguu; viungo vya kichanga huwa na ubaridi hata akiwa sawa. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya nguo. Pakiwa vuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho au moto, mpunguzie nguo. Miezi ya Kaskazi nepi na fulana nyepesi vinatosha, au nepi peke yake mchana. Usiku wa Kusi, Juni hadi Agosti, ongeza leso moja. Kofia ndani ya nyumba haina kazi kwa mtoto aliyetimiza miezi na uzito wake, kwa kuwa kichwani ndiko anakotolea joto. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, fuata ulivyoelekezwa hospitalini. Feni iwashwe, ila ipulize ukuta, isimkabili usoni.

Harara shingoni na kwapani huwasha na kumnyima usingizi. Muoshe kwa maji ya vuguvugu yasiyo na manukato, mkaushe mikunjo kwa kugusagusa, mwache wazi. Poda usimpake, kwa sababu vumbi lake huingia mapafuni. Udi na ubani pia visifukizwe chumba alichomo, wala dawa ya mbu ya kuchoma. Neti iliyotiwa dawa inatosha na haimkereketi kifua.

Na maji? Asipewe, hata mwezi wa Februari. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Joto likizidi ataomba titi mara nyingi zaidi kwa nyonyo fupi, na hapo amekunywa. Maji hujaza tumbo lake dogo bila lishe, na ya Mombasa, yanayopita kwenye mitungi na mikokoteni, humletea kuhara.

Hewa tumboni, na vya kutompa

Mcheulishe katikati ya titi moja na jingine, na tena mwishoni. Mweke wima begani, tumbo lake likiegemea mfupa wa bega lako, au mkalishe pajani ukimshika taya kwa vidole (usimshike koo) aegemee mbele kidogo, umpapase mgongo kutoka chini kwenda juu. Dakika tano zikipita bila kucheua, mwache. Si kila mara kuna hewa. Kutema maziwa kidogo akiwa mchangamfu na anaongeza uzito hakuhitaji dawa. Mweke wima dakika 20 baada ya kunyonya.

Miguu ikikunjwa kunjwa, mlaze chali, shika vifundo, sukuma magoti taratibu kuelekea tumboni, hesabu hadi tano, nyoosha. Rudia mara sita. Au mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, kiganja kati ya mapaja yake, ukitembea naye. Joto la mkono juu ya tumbo husaidia kuliko dawa nyingi.

Dawa za gesi za dukani hazijathibitika kuponya kilio hiki, na nyingine zina sukari. Mvuje usimnyweshe hata tone: kwa mtoto mchanga unaweza kuiharibu damu isiweze kubeba hewa safi, akageuka rangi ya buluu. Asali ni marufuku hadi atimize mwaka 1, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli ndani ya utumbo wa mtoto. Familia zinazofanya tahniki (kumpaka kichanga kitu kitamu kaakaani) zitumie tende iliyolainishwa, kiasi cha kupaka tu kaakaani, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni. Wanja usiguse jicho lake, kwa sababu aina nyingi zina madini ya risasi.

Hakuna haja ya kumnyima mzazi maharagwe, mbaazi wala kabeji. Gesi ya utumbo wake haiingii kwenye maziwa. Vinavyoingia ni kahawa na miraa. Mwili wa kichanga huchukua siku kadhaa kuondoa kafeini ambayo mtu mzima huiondoa kwa masaa machache, kwa hivyo vikombe vinne vya kahawa chungu kwa siku ni usingizi wa mtoto uliochukuliwa. Vikombe vidogo viwili vinatosha. Miraa na muguka viachwe kabisa wakati wa kunyonyesha.

Mama mkwe akishikilia kijiko, kubishana hakufai. Mpe kazi iliyo bora: “Mama, kliniki wamesema asionje kitu mpaka miezi sita. Mimi nitamnyonyesha, wewe akishiba nishikie umtembeze, kwako ndiko anakotulia.” Mara nyingi ni kweli, kwa sababu mikono ya bibi haina haraka.

Usingizi

Kichanga hulala kama masaa 16 kwa siku, vipande vipande, na hawezi kukaa macho zaidi ya dakika 45 hadi 60 kwa mfululizo, pamoja na muda wa kunyonya. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi nyumba yenye arubaini. Wageni wanaingia tangu asubuhi kumtazama mzazi, mtoto anapokezanwa mikono saba, runinga inaongea, taa zinawaka. Kufika Magharibi amechoka kupita kiasi, na aliyechoka hivyo halali, hupiga kelele. Ishara huja mapema: anakodoa macho pasipo na kitu, anageuza uso usimwone, mikono inamrukaruka, anakunja nyusi. Kupiga mwayo tayari ni kuchelewa. Ukiona hivyo, mtoe sebuleni. Wageni watakuelewa, na asiyeelewa atakunywa chai yake.

Punguza mwanga. Feni ivume, sauti yake ni msaada. Mweke ngozi kwa ngozi kifuani akiwa na nepi tu, funga leso kuwazunguka nyote wawili, uso wake uonekane na kidevu kisizame kifuani. Tembea mwendo mmoja, mpapase matakoni kwa mdundo mmoja, mwimbie au mnyamazishe kwa “shhh” ndefu karibu na sikio. Kosa kubwa ni kubadilisha kila dakika: begani, mapajani, titini, nje, ndani. Kila badiliko ni jambo jipya la kumwamsha. Chagua namna moja, ishike dakika kumi kamili hata akilia, ndipo ujaribu nyingine.

Akilala usimlaze upesi. Inua mkono wake uuachie, ukishtuka, bado. Ngoja dakika 15 hadi 20, mpaka mkono uanguke kama kitambaa kilicholowa. Unapomshusha, miguu iguse godoro kwanza, kisha matako, mgongo, kichwa mwisho. Acha kiganja chako kifuani pake dakika moja zaidi.

Alale chali kila mara, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto wa sufi, bila blanketi karibu na uso. Susu, kile kitanda cha kuning'inia, inafaa akiwa anaangaliwa. Ikimkunja kidevu kikagusa kifua, mhamishe, kwani njia ya hewa hubanwa. Kochi ni hatari kuliko kitanda. Mzazi aliyechoka asimnyonyeshe hapo usiku. Kulala naye kitanda kimoja kuepukwe kabisa iwapo mzazi yeyote anavuta sigara, amekunywa pombe au amemeza dawa za usingizi, au mtoto alizaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Ukimfunga leso, iwe nyembamba, miguu iachwe ikunjike na kupanuka nyongani, kichwa kisifunikwe. Miezi ya joto usimfunge.

Maziwa ya kopo, yakihitajika

Tahadhari ya kwanza hapa Mombasa ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi hayatengenezi maziwa ya kichanga. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, kunaizidisha. Tumia maji matamu pekee, na chemsha hata ya chupa. Acha yapoe, yasipite dakika 30, ili yabaki na moto wa nyuzi 70 au zaidi unaoua vijidudu vilivyomo ndani ya unga wenyewe. Pima maji kwanza, kisha unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa kwa kisu. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi humdhoofisha mtoto. Kuongeza unga humfunga choo na kumkausha. Poza kwenye bakuli la maji baridi, jaribu tone kifundoni mwa mkono.

Siku ya kwanza mtoto wa kilo 3 huhitaji kama mililita 20 hadi 25 kila anapolishwa, mara 8 kwa siku. Kiasi hupanda kila siku hadi, mwishoni mwa wiki ya kwanza, mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani, kwa huyo wa kilo 3, mililita 55 hadi 60 kila mara, mara 8 kwa siku. Yaliyobaki baada ya masaa 2 mwaga. Kikombe kidogo kilicho wazi ni salama kuliko chupa, kwa sababu husafishika chote. Kalisha mtoto wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yamfikie midomo tu alambe mwenyewe, usimmiminie. Ukitumia chupa, ilaze karibu usawa na umpumzishe kila baada ya dakika chache. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa, katika chumba chenye joto letu, yasipite masaa 4. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 hukaa hadi siku 4, ilimradi stima haikukatika.

Mtu mzima naye

Kilio huongezeka hadi wiki ya 6 hivi, kisha hupungua, na kwa wengi hutulia kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Kuna jioni ambayo umefanya yote na bado analia. Mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika kumi, kunywa maji, mpigie mtu simu. Kilio cha dakika kumi hakimdhuru. Kutikiswa kwa hasira kunaweza kumvujisha damu ubongoni kwa sekunde chache. Kila anayeachiwa mtoto, msichana wa kazi pamoja na baba, aambiwe hilo kwa maneno hayo.

Baba aliyeajiriwa ana likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Ifae kuanzia saa tatu hadi saa saba usiku: amcheulishe, ambadilishe nepi, amtembeze, amlete titini na kumwondoa. Mzazi akipata masaa manne ya usingizi usiokatika, kesho yake ni mtu mwingine. Machozi ya siku za mwanzo hupita. Huzuni ikizidi wiki mbili, au mama hataki kumtazama mtoto, au anawaza kujidhuru, apelekwe hospitali kama anayevuja damu.

Usiku huo huo, si kesho

Mpeleke mara moja kichanga aliyeacha kunyonya au aliye mlegevu asiyeamka vyema. Mpeleke pia mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi ambalo halikushuka baada ya kuvuliwa nguo kwa robo saa, au chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima), au kifua kinabonyea chini ya mbavu, aliyepata degedege, anayetapika kijani, mwenye damu chooni, mwenye utosi uliofura, mwenye kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa, aliye wa manjano ndani ya masaa 24 ya kwanza, au manjano iliyofika viganjani na nyayoni. Jua la asubuhi halitibu manjano hiyo. Kilio kipya kikali chembamba, kisichofanana na cha kila siku, nacho ni sababu tosha.

Kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani na Tudor, Changamwe kuna Port Reitz, na wa ng'ambo wana Hospitali ya Likoni bila kungoja feri. Njiani mweke ngozi kwa ngozi na mpe titi akiweza kumeza. Chukua kitabu cha kliniki, nepi ya mwisho ndani ya mfuko, na karatasi yenye saa alizonyonya na nepi alizolowesha tangu jana. Hayo ndiyo daktari atakayouliza kwanza.